Mbuzi Katungiwa Shairi, Mimi Je?

Jamani, leo niacheni niseme. Mimi ni meli, na sikuundwa kwa utalii. Niliundwa Whitby, Uingereza, mwaka 1764, nibebe makaa ya mawe. Tumbo pana, chini bapa, maji yakipwa najikalia mchangani kama muuza maandazi kwenye kigoda chake. Jina langu Earl of Pembroke. Kazi chafu, lakini ya halali.

Mwaka 1768 wakaja watu wa jeshi la majini, wakanipapasa mbavu, wakalipa pauni 2,840, shilingi 10 na peni 11. Hizo peni 11 mpaka leo zinanikera. Nani alikuwa anavutana bei mpaka hapo? Kufumba na kufumbua naitwa Endeavour.

Nikapakiwa watu 94, nahodha James Cook, wachunguza majani, na mbuzi wa maziwa. Mbuzi huyo alishazunguka dunia safari moja kabla yangu, basi maringo! Nikiyumba kidogo ananitazama kama konda mzoefu anavyomtazama dereva mgeni.

Juni 1770, pwani ya mashariki ya Australia, usiku wa mbalamwezi, nikapanda mwamba. Nimekwama karibu siku nzima. Wakatupa mizinga sita, wakatupa farumi, ule uzito wa kunituliza majini. Mbuzi hawakumgusa. Tundu nililotobolewa na mwamba, nusu limezibwa na pande la tumbawe lililokatikia humo humo, nusu kwa tanga lililopakwa manyoya na mavi ya kondoo. Mavi! Mimi, mali ya Mfalme!

Tukarudi 1771. Cook akapanda cheo. Mbuzi akatungiwa shairi la Kilatini. Mimi nikatumwa visiwa vya Falkland, kusini mwa Atlantiki, kupeleka mizigo, mara tatu, kisha 1775 nikauzwa pauni 645.

Vita vya Marekani kudai uhuru kwa Waingereza vikaanza, serikali ya Uingereza inakodi meli. Tajiri wangu akanipeleka kwa wakaguzi: hafai. Akanibandika jina jipya, Lord Sandwich, akanirudisha. Wakanitambua! Wakaandika kabisa kwamba huyu ni yule yule tuliyemkataa. Aibu gani hiyo? Mara ya tatu, baada ya matengenezo ya maana, nikapita, ila kama Lord Sandwich 2, maana alikuwepo mwenzangu mwenye jina hilo. Yaani hata jina la bandia nimelikuta lina mtu.

Nikavusha askari wa Kijerumani waliokodiwa na Waingereza mpaka New York, nikafanywa jela Newport, huko huko Marekani, na Agosti 1778 Waingereza wenyewe wakanizamisha makusudi nizibe njia ya meli za Wafaransa, waliokuja kuwasaidia Wamarekani. Sasa yale mavi ya kondoo mlinipakia nini?