Acheni kukimbiza diski ya cheche

Sisi watu wa koili za Tesla, mitambo ya volti kubwa inayorusha radi ndogo, tuna ugonjwa mmoja. Koili ya pili, ile inayotoa radi, tunaisuka wiki nzima, waya umelala kama ukili, halafu pengo la cheche, yaani swichi ya diski inayozunguka na kuruka cheche kila vichwa vyake vya metali vinapopita, tunaliunga jioni moja kwa mota ya grainda. "Inapiga mizunguko elfu kumi kwa dakika!" Haya. Ya nini?

Kazi ya pengo ni kuiacha kapasita, ghala la chaji, imwage chaji ikiwa imejaa, kisha kuzima cheche mapema, ili nguvu iliyokwisha kuvukia koili ya pili isirudi ilikotoka. Umeme wetu wa Hz 50 hufika kileleni mara 100 kwa sekunde, chanya na hasi. Diski ya vichwa vinne kwenye mota ya sinkronasi (inayokwenda sambamba na mawimbi ya umeme) ya mizunguko 1,500 kwa dakika inavidaka vilele vyote: 25 mara 4. Ukiona mchoro wa Mmarekani umeandikwa 1,800, ni kwa sababu umeme wao ni wa Hz 60.

Mimi nilijidai mjanja, nikafunga mota ya kawaida ya 1,440. Si inakaribia? Kumbe 24 mara 4 ni 96, na zile nne zilizopungua niliziona kwa macho: radi inarefuka, inanywea, inarefuka tena, mara nne kila sekunde, kama mtu anayehema. Pengo lisipopiga kwa wakati, volti hupanda zenyewe. Transfoma yangu ya mabango ya neoni, ile inayoijaza kapasita, ilikufa hivyo hivyo. Siku hizi siwashi kitu bila pengo la pili, lisilozunguka, la kuilinda.

Turudi kwenye kasi. Boliti ya gramu 10 kwenye ukingo wa diski ya kipenyo cha sentimita 20, kwa mizunguko 3,000, inavuta kwa uzito wa karibu kilo 10. Kwa 10,000 ni zaidi ya kilo 100. Na kuna watu diski yao ni ya mbao! Yangu ni ya fiberglasi, imefungiwa ndani ya kasha, na vichwa ni vijiti vya tungsteni vya kuchomelea. Vyenye ncha nyekundu naviacha dukani; vina thoriamu, na vumbi lake si la kuvuta unapovinoa.

Baada ya hapo, kwa mota ya sinkronasi, ni kutega wakati, ili cheche ipige umeme ukiwa kileleni. Nazima, natoa chaji ya kapasita, nageuza mwili wa mota digrii mbili, nawasha. Radi ikirefuka naendelea upande huo huo, ikifupika narudi. Juzi ilinichukua mara saba.