Misemo ya Kiingereza Haifundishiki kwa Orodha

Zile orodha za misemo ya Kiingereza zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zinanisumbua sana. Kushoto msemo, kulia maana, basi. "Kick the bucket: kufariki." Mwanafunzi anakariri, na siku bosi wake anapofiwa na mama, anamwandikia rambirambi kwa msemo huo. Maana ameipatia. Lakini ni sawa na kusimama mbele ya wafiwa ukasema marehemu amekata kamba.

Nafundisha Kiingereza jioni kwa watu wazima, na naamini maana ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kazi ni kujua nani humwambia nani, na wapi.

Chukua neno "sticky". Kamusi itakwambia ni kitu kinachonata, kama ubuyu wa sukari. Mwezi Aprili 1951, katika Vita vya Korea, batalioni ya Waingereza ya Gloucestershire ilizingirwa na majeshi ya China karibu na Mto Imjin. Inasimuliwa kwamba kamanda wa brigedi yao, Tom Brodie, alipoulizwa hali na jenerali wa Marekani, Robert Soule, alijibu kuwa mambo ni "a bit sticky". Kwa maafisa wa Uingereza wa zama zile, kukuza shida ilikuwa aibu. Unaipunguza, na Mwingereza mwenzako anajua kuirudishia uzito wake. Hapo Brodie alikuwa anasema maji yamefika shingoni. Mmarekani akasikia kwamba hali ni ngumu, ila inavumilika. Askari wakabaki kilimani hadi nafasi ya kuwaondoa ikapita, na zaidi ya 500 wakatekwa. Sisemi neno lile peke yake liliwaponza, vita vina mambo mengi. Lakini kila ninapolifikia darasani, sauti yangu hushuka.

Na hao wote wawili Kiingereza ni lugha ya mama zao!

Winston Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, naye aliandika kuhusu vikao vya Vita Kuu ya Pili, ambapo Waingereza walitaka waraka fulani uwe "tabled", yaani uletwe mezani ujadiliwe. Kwa Wamarekani, neno hilohilo ni kuuweka kando. Walibishana muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote walitaka jambo moja. Bunge letu la Tanzania limefuata njia ya Uingereza: hati "zinawasilishwa mezani". Mtanzania anayekwenda kwenye mkutano Marekani anapaswa kuambiwa hilo kabla hajapanda ndege.

Sisi jambo hili tunalijua tangu utotoni. Unampita mtu anakula, anakwambia "karibu". Kamusi inasema ni mwaliko, kwa hiyo mgeni anavuta kiti. Wewe unajibu "ahsante, endelea tu", na unajua pia nyumba ambayo ukijibu hivyo mwenyeji atanuna. Hakuna aliyekupa orodha. Ulikuwa unamwangalia mama.

Ndiyo maana nimeacha kuchora safu mbili ubaoni. Nachora nne: msemo, maana, nani humwambia nani, nchi gani. Safu ya tatu ndiyo inayokula muda, na ndiyo inayowafanya wanafunzi wangu wabaki mlangoni wakibishana hata baada ya taa kuzimwa.