Gogogo Wangu Mpya, Pamoja na Mkia Wake

Kwa kuwa mwenzangu wa maabara amekwisha kulitangaza jambo hili la samaki niliyedhani ni spishi mpya, tena kwa kuongeza kwamba nililia, naona heri mlisikie kutoka kwangu: sikulia, ni fomalini, dawa ya kuhifadhia samaki, iliyoniwasha macho.

Mwaka 2006 pekee, spishi tatu mpya za gogogo, samaki wa jenasi ya Synodontis, zilielezwa kutoka Ziwa Tanganyika, mojawapo ikiitwa ilebrevis kwa ufupi wa utumbo wake. Basi nami nilipowapima gogogo 14 niliowanunua mwaloni Kigoma, nikakuta kichwa ni asilimia 24 tu ya urefu wa mwili, ilhali Synodontis multipunctatus, anayefanana naye kwa madoa, alikaribia 31, sikulala. Usiku huohuo nilimpigia simu mama mkwe, nikamweleza kwamba samaki anaweza kupewa jina la mtu, na kwamba zamu yake imefika. (Msicheke bado, hatujafika.)

Kikaoni, mwalimu wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba kalipa, kile kifaa cha kupimia chenye ncha mbili. Akamtoa samaki mmoja chupani, akamfuta polepole, akaiweka ncha moja ya kalipa penye pua. Ncha ya pili ikaanza safari: ikaupita mwiba wa mgongoni, ikalipita pezi dogo la mafuta, ikafika pale nyama inapokoma na pezi la mkia linapoanza. Ikasimama. Nilingoja iendelee, Mungu ananiona, nilikuwa nikiisukuma kwa macho.

“Milimita 98,” akasema. Daftari langu lilisema 125.

Akaniuliza kwa upole ambao hadi leo unaniuma: “Kijana, na mkia umeupima?”

Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kipimo cha urefu wa mwili huishia mwanzo wa mkia, kwa kuwa pezi lenyewe huchanika nyavuni na kuliwa na samaki wengine. Mimi nilikuwa nimekigawanya kichwa cha milimita 30 kwa samaki mzima pamoja na mapambo yake, mara 14. Aliyeanza kucheka alikuwa kiti cha nyuma, nanyi mnamjua.

Nimewapima upya. Wote ni multipunctatus, aliyeelezwa tangu 1898. Mama mkwe alikwisha kuwaambia wenzake wa kikoba, na jana amepiga simu kuuliza kama samaki wake analiwa kwa ugali au kwa wali. Nimemjibu kwamba bado tunampima.