Ukisimulia Kenya Open usiruke 1998

Kila wiki ya Kenya Open, mashindano yetu ya gofu, ikikaribia utasikia majina yaleyale, Seve Ballesteros alishinda hapa 1978, Ian Woosnam 1986, Trevor Immelman 2000, na wote watatu baadaye wakaenda kuvaa koti la kijani la mshindi wa Masters kule Augusta, Marekani. Ni kweli kabisa na mi nikisikia bado nasisimka, manake Seve alikuja Nairobi akiwa bado kijana mdogo na mwaka uliofuata tu akabeba The Open kule Uingereza. Lakini kuna jina moja tunaliruka sana, Jacob Okello, pro wetu Mkenya, na kwangu mimi hii historia bila yeye ni nusu.

Mashindano yalianza 1967 pale klabu ya Muthaiga, Nairobi, Guy Wolstenholme wa Uingereza akashinda, halafu Mwingereza mwenzake Maurice Bembridge akachukua 1968 na 1969, akarudi 1979 akachukua ya tatu. Kilichowaleta hawa watu huku ni baridi, Ulaya miezi ya baridi viwanja havichezeki so mapro, yaani wachezaji wa kulipwa, walikuwa wanashuka Afrika kwa ile Safari Tour, Nigeria, Zambia, Kenya, wanatafuta pesa na kuweka mikono sawa kabla msimu wao haujaanza. 1991 tukaingia Challenge Tour, daraja la pili la Ulaya. 2019 tukapanda daraja la kwanza kabisa, zawadi ikafika euro milioni 1.1, ikachezwa klabu ya Karen na Guido Migliozzi wa Italia akaondoka na kombe.

Na viwanja vyenyewe si mchezo. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mgeni anapiga kijiti kilekile anachopiga kwao na mpira unapita grini, ile sehemu laini yenye shimo, unaenda kulala nyuma, siku ya kwanza wanahangaika kuhesabu upya umbali wote. Halafu nyasi za kikuyu. Ukiwa katikati ya njia mpira unakaa juu vizuri, ukitoka nje kidogo tu umezama na zile nyasi zinashika shingo ya kijiti kinajigeuza mkononi kabla hujagusa mpira. Hizi nyasi asili yake ni huku kwetu na leo ziko mpaka Riviera kule Los Angeles. Sasa fikiria mtu aliyeanza kama kedi, na mapro wetu wengi walianza hivyo, amebeba begi la wengine kwenye hizo nyasi miaka na miaka, anajua kila mteremko wa kila grini. Huyo ndo anafaa kushinda hapa.

1998 karibu itokee. Okello alimaliza akiwa sare na Ricardo González wa Argentina, wakaenda pleiofu, mashimo ya ziada ya kuamua mshindi, González akashinda. Wiki nzima ya kupambana ikaamuliwa hapo. Huyo ndo Mkenya aliyekaribia zaidi hilo kombe, na tangu 1967 hakuna mwenzetu aliyewahi kulibeba.

Wako wanaosema ni kipaji hakuna, mi nakataa kabisa. Shida ni mazoea ya presha. Pro wa Ulaya anaingia mashindano ya raundi nne wiki baada ya wiki, wetu sehemu kubwa ya mwaka anafundisha wanachama klabuni ndio apate riziki, halafu wiki moja anaambiwa haya shindana na hawa. Kata, yaani mchujo, inapigwa baada ya mashimo 36, wanabaki 65 bora na waliofungana nao, wengine wanarudi nyumbani mikono mitupu. Ijumaa jioni uko shimo la 18 na pati, ule mkwaju wa kuusukuma mpira shimoni, ya futi tano, ukiingiza umepita ukikosa huna kitu, na hiyo pati mwenzako ameshaipiga mara nyingi huko alikotoka. Hakuna mazoezi ya rinji, kiwanja cha kupigia mipira ya mazoezi, yanayokupa hiyo.

Ndo maana nilifurahi jina la Safari Tour liliporudi, safari hii kama mashindano ya mapro wa huku kwetu, na matokeo yake yakatumika kugawa nafasi za Kenya Open. Hiyo ni haki, mtu anaingia kwa mikwaju yake si kwa kujuana. Ila nafasi peke yake haitoshi na hapa wadhamini wananiudhi, pesa nyingi inaenda kwenye mahema na mabango ya wiki moja. Ningekuwa na sauti ningetenga sehemu ya hiyo bajeti kulipia mapro wetu wachache tiketi, hoteli na ada za kucheza Afrika Kusini na kujaribu Q-School, ule mchujo wa kutafuta nafasi kwenye mashindano ya Ulaya, kila mwaka, si mara moja halafu tunawasahau. Na Okello aitwe asimame rinji na hawa vijana awaambie ile pleiofu ilikuwaje, shimo kwa shimo.