Mgeni Aliyemeza Kijiko

Nilimpigia simu mke wangu nikiwa njiani: "Narudi na besi." Akapiga kigelegele. Redio yetu ilikuwa na miezi miwili inakoroma kama mtu mwenye mafua, na yeye alikuwa amechoka kuipiga makofi mgongoni. Nilipofika nikakuta ameshaondoa vitu vyote juu ya kabati ili kupisha spika. Nikatua ndoo. Akafunua kifuniko, akakutana na macho mawili na mdomo ulioachama, kana kwamba aliyeshtuka ni huyo wa ndani.

"Sauti inatokea wapi?" akauliza.

Ikabidi nieleze. Kuna besi ya muziki na kuna besi wa majini. Huyu ni besi mdomo-mkubwa, samaki wa asili ya Amerika Kaskazini ambaye wavuvi wa starehe wamemtembeza sehemu nyingi za dunia kwa sababu akinasa hakubali kirahisi, anapigana na mshipi mpaka mkono ufe ganzi. Nilimvua bwawani kwa mzee mmoja niliyempigia hodi kwanza, akaniruhusu nivue na nichukue. Alikuwa na sentimita 20 hivi, mgongo wa kijani, tumbo jeupe, na ubavuni mstari mweusi uliokatika-katika kama umechorwa na kalamu inayoishiwa wino. Nilipomtoa ndoana alinitazama. Hapo ndipo nilipopotea. Ningemrudisha majini, au ningemla, yakaisha. Mimi nikasema moyoni: huyu atakaa sebuleni.

Sikumwonea huruma, nisidanganye. Nilijionea fahari. Wenzangu wanafuga samaki wa kununua. Mimi wangu nimemkamata mwenyewe, na kila atakayeingia sebuleni atauliza, nami nitakohoa kidogo kabla ya kuanza kusimulia.

Tangi tulikuwa nalo tayari, la lita 240. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo pana kilo 240 kabla hujahesabu kioo na changarawe, na meza ilikuwa imeshaanza kupinda kiuno. Ndani waliishi samaki watatu wa dhahabu wa binti yangu wa miaka saba. Majina aliwapa mwenyewe: Chungwa, Sarafu na Kijiko. Kwa nini Kijiko? "Kwa sababu anafanana." Hafanani hata kidogo, lakini hilo hatukulijadili.

Mke wangu aliuliza swali moja tu, na naomba ieleweke kwamba aliliuliza: "Hawa watatu hatawala?"

Nikacheka kicheko cha mtu aliyesoma kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulieleza asili ya jina la kitaalamu la ukoo huu, Micropterus, yaani "pezi dogo". Mwaka 1802 Mfaransa Lacépède alikuwa na besi mmoja ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limechanika, akadhani ndivyo alivyoumbwa, jina likashika mpaka leo. Ukurasa wa pili ulihusu chakula. Huo sikuumaliza.

"Bado mdogo," nikamjibu.

"Mgeni siku mbili," akasema akiondoka, "ya tatu mpe jembe."

Samaki akapata jina papo hapo. Mgeni.

Siku ya kwanza Mgeni hakula. Nilimwagia punje za chakula cha samaki, zikaelea mbele ya pua yake, akazitazama kama mtu aliyekabidhiwa risiti isiyo yake. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu wasiwasi ukaniingia. Jembe sikumpa, maana hana pa kulishikia. Kumbe besi aliyekulia bwawani hajui kabisa kwamba punje ni chakula. Kwake chakula ni kitu kinachokimbia, kisichokimbia ni takataka. Wanaowafuga kwa biashara huwazoesha punje wangali vifaranga, kidogo kidogo, na bado wapo wanaogoma. Mimi nilileta mtu mzima mwenye tabia zake.

Siku ya nne niliamka nikakuta Mgeni amechangamka. Rangi imekolea, mapezi yamesimama, akaja mpaka kwenye kioo kunilaki. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipohesabu.

Chungwa hayupo.

Besi hatafuni, anameza. Anafungua mdomo ghafla, na kule kufunguka kwenyewe kunavuta maji yaliyo mbele pamoja na chochote kilichomo, halafu anafunga. Ukipepesa jicho umekosa. Damu hakuna, gamba hakuna, ushahidi hakuna. Ni kama jina limefutwa kwenye orodha, na aliyelifuta anakutazama huku akipepea mapezi taratibu.

"Baba, Chungwa yuko wapi?"

Hapo mwenye akili zake husema ukweli.

"Ameingia kwenye bomba la filta," nikasema. "Yuko likizo."

"Atarudi lini?"

"Shule zikifunguliwa."

Kesho yake Sarafu naye akaenda likizo. Tangu hapo, kila usiku kabla ya kulala, binti yangu alikuwa anainamia bomba la filta, anasogeza mdomo, anawasimulia wawili wale yote yaliyotokea mchana: nani amepigana na nani, nani kasahau daftari. Mgeni naye alisogea kusikiliza. Mimi saa hiyo nilikuwa napata kazi jikoni.

Akabaki basi Kijiko. Huyo alikuwa mnene, tumbo kama pulizo, nikajipa moyo kwamba hapiti mdomoni. Hata hivyo ilibidi nimtafutie Mgeni kinachokimbia, au angalau kinachojinyonganyonga. Nyungunyungu hupatikana vizuri usiku udongo ukiwa na unyevu, ndipo wanapopanda juu. Saa nne usiku nikawa nimepiga magoti kando ya uzio, tochi mdomoni, kopo mkono mmoja, mkono mwingine jembe. Lile jembe la siku ya tatu, kumbe la kwangu.

"Jirani," sauti ikatoka upande wa pili wa uzio, "umepoteza kitu?"

Nikatoa tochi mdomoni. "Hapana, natafuta chakula cha mgeni."

Kimya. Nikasikia nyayo zikirudi ndani polepole. Kesho yake mkewe alituletea sahani iliyofunikwa vizuri, akamshika mke wangu mkono kwa muda mrefu bila kuuachia, akamwambia, "Mungu yupo."

Nyungunyungu Mgeni aliwapenda mno, na hapo likazuka jingine. Filta yetu ilikuwa ya kuhudumia samaki watatu wapole, sasa ikapata mlaji. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, kwenye matamvua na kwenye kinyesi, na ndani ya sponji ya filta wanaishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina makali sana. Hao bakteria huchukua wiki kadhaa kutulia. Mimi nilipoona maji yamekuwa kama ya kuoshea vyombo, nikaitoa sponji, nikaisugua kwa maji ya bomba yenye klorini mpaka ikang'aa kama mpya. Niliwaua wote. Juma zima nikawa nabadilisha maji kwa ndoo, asubuhi na jioni, nikiwa mwajiriwa wa samaki asiyenilipa.

Yote hayo ningeyameza mwenyewe kama si Jumapili ile mama mkwe alipokuja.

Alikaa kwenye kochi, akanywa maji, akauliza habari za kila mtu. Binti yangu alikuwa chumbani akitafuta picha alizowachorea samaki ili amwonyeshe bibi. Nami nikatupa jicho kwenye tangi, ile tu ya kujiridhisha.

Kijiko hayupo. Ila hakuwa ameenda mbali. Mkia wake wa rangi ya chungwa ulikuwa umetokeza kwenye mdomo wa Mgeni, umepeperuka kidogo, kama mtu aliyesahau njiti ya meno baada ya chakula. Yule mnene alikuwa ameingia, ila hakuwa amekwisha kuingia.

"Bibi, njoo uwaone!" Mlango wa chumbani ukafunguka.

Nilikuwa na sekunde tano. Nikakumbuka picha za wavuvi, wanavyoninginiza besi kwa kumtia kidole gumba mdomoni na kubana mdomo wa chini, naye anatulia tuli. Meno yake si ya kutisha, ni kama msasa. Nikasukuma kifuniko cha tangi, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, shati la Jumapili likiwamo, nia yangu ikiwa kuvuta ule mkia au kuusukuma ndani, chochote kitakachotangulia.

Mgeni aliona kinachokimbia. Akakidaka kidole gumba.

Msasa si maneno makubwa ukisimuliwa. Ukifungiwa ndani yake ghafla, na huku nyuma mama mkwe anasema "Baba, kulikoni?", ni maneno makubwa. Nilipiga ukelele ambao sikuwahi kujua ninao, nikauvuta mkono kwa nguvu zote, na Mgeni akaja nao. Akakiachia kidole hewani, kule juu kabisa, akapita mbele ya pazia akimeremeta, akatua sakafuni, akateleza kwa ubavu kama sabuni bafuni mpaka chini ya kabati.

Nikalala kifudifudi. Chini ya kabati palikuwa na giza na vumbi la muda mrefu, na ndani ya giza hilo kitu kilikuwa kinapiga pa, pa, pa. Nikaingiza mkono. Akanipiga mkia usoni, au usawa wa uso, sikumbuki, nilikuwa nimefumba macho.

"Ondoka hapo," akasema mama mkwe.

Alikuwa ameshalowesha kitambaa kwenye tangi langu bila kuomba ruhusa. Akapiga magoti, akaingiza mkono mmoja tu, akamtoa Mgeni amekunjwa vizuri kama mtoto aliyetoka kuoga, vumbi limemganda ndevu. Mimi kwenye kurasa zangu mbili sikufika mahali panaposema kwamba samaki hashikwi kwa mikono mikavu, kwa sababu unambandua ute unaomkinga na magonjwa. Mama mkwe hakusoma popote. Alijua tu.

Akamwinua kumwelekeza kwenye tangi. Na hapo, mbele ya watu wote, Mgeni akafanya wanachofanya samaki wengi wakitishwa sana na tumbo limejaa. Akacheua.

Kijiko akaanguka sakafuni, pwaa.

Nyumba ikatulia. Hata redio sijui kwa nini ilikatiza kukoroma. Binti yangu akachuchumaa, michoro kifuani, akamtazama kwa muda mrefu. Nilijiandaa kwa kilio. Hakulia. Akainua uso, akamtazama Mgeni mkononi mwa bibi yake, akalitazama bomba la filta, kisha akanigeukia.

"Baba," akasema, "kumbe bomba liko tumboni?"

Mke wangu aliingia jikoni akafunga mlango. Sikujua kama analia au anacheka, na sikwenda kuuliza.

Kijiko tulimzika jioni ile, michoro yote mitatu ikaenda naye. Baadaye nikamaliza ule ukurasa wa pili, ukazidi kuniumiza: samaki wa dhahabu wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, kwa hiyo besi akilishwa hao kila mara hudhoofika. Yaani hata muuaji mwenyewe sikumtendea haki. Nikampigia yule mzee wa bwawa, nikamwuliza kama nimrudishe. Akakataa katakata. Samaki aliyekaa na samaki wa dukani anaweza kubeba magonjwa na vimelea asivyoonyesha dalili, akavimwaga kwa wenzake. "Umemchukua," akasema, "mlee." Simu ikakatika.

Usiku ule mke wangu aliuliza hawa samaki hukua mpaka wapi. Nikasema wengi hupita sentimita 40 wakishiba. Nikataja pia rekodi, sijui nani alinituma: mwaka 1932 George Perry alivua mmoja wa kilo 10 na kitu huko Georgia, Marekani, na mwaka 2009 Manabu Kurita akavua wa karibu uzito huohuo kwenye ziwa Biwa, Japani. Akalitazama tangi, akalitazama kochi, akawa kama anapima.

Mgeni yupo mpaka leo. Punje anakula sasa. Ilichukua wiki nyingi za kuzichanganya na vipande vya nyungunyungu na kuzichezesha kwa uzi ili zionekane hai, lakini Ijumaa lazima apate nyungunyungu wenyewe, la sivyo ananuna kwenye kona, makalio kwetu. Kifuniko kina matofali mawili juu. Binti yangu amebandika karatasi kwenye kioo: USIWEKE SAMAKI. USIWEKE KIDOLE. Chini yake, kwa herufi ndogo: BABA.

Ijumaa iliyopita mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda, udongo mkavu, nimechimba nusu saa sijapata hata mmoja. Tochi mdomoni, magoti yanauma. Nikasikia kikohozi upande wa pili wa uzio, kisha mkono ukapita katikati ya mbao ukiwa na kopo. Ndani, udongo mweusi wenye unyevu, na nyungunyungu wanono kumi na kitu wakijikunjakunja.

"Nimesikia mgeni wenu bado yupo," akasema jirani, kwa sauti ya chini ya msibani. "Na sisi tulikuwa na shemeji."