Nyayo zikifa ganzi, uzee husingiziwa

Mama yangu alikuwa akipepesuka kila anapotawadha, na kila mara ni pale pale, kwenye kuosha uso. Nyumbani tulikuwa na majibu tele: magoti, presha, umri. Sukari alishapimwa miaka mingi kabla mtu yeyote kliniki hajamwambia avue viatu apimwe hisia za nyayo. Mimi nasema chanzo ni hapo: nyayo zilizokufa ganzi.

Wapo wataalamu wanaoona kwamba ngozi ya unyayo haina uzito mkubwa katika kusimama, na hoja wanayo. Kijana mwenye afya akilowekwa nyayo kwenye barafu mpaka zife ganzi, kisha asimame macho wazi, mara nyingi huyumba zaidi ya kawaida kwa kiasi kidogo tu. Mazoezi ya nguvu na ya msawazo nayo huwapunguzia wazee kuanguka, bila kumrudishia yeyote hisia iliyopotea.

Sawa. Lakini kijana huyo anaona, na ganzi yake imeishia kwenye ngozi. Ganzi ya kisukari huanza vidoleni ikapanda hadi muundini, ikaondoka na habari za kifundo pia. Miaka ya 1840, daktari Moritz Romberg wa Berlin alieleza hali ya wagonjwa wenye uti wa mgongo ulioharibika: wakitazama, wanasimama, wakifumba macho, wanayumba. Mwingereza Ian Waterman alipoteza hisia zote za mguso na za mkao (kujua viungo viko wapi bila kuvitazama) kuanzia shingoni kwenda chini mwaka 1971, akiwa na miaka 19. Alijifunza upya kutembea kwa kuitazama miguu yake. Taa ikizimika, anaanguka.

Kuna takwimu inayopendwa madarasani: penye mwanga na sakafu ngumu, mtu mwenye afya hutegemea hisia za miguu na mwili kwa asilimia 70, sikio la ndani, lenye kiungo cha msawazo, 20, macho 10. Naipenda, ila siibebi kichwakichwa. Kwanza, hiyo 70 si ya ngozi ya unyayo peke yake. Misuli na vifundo vimo. Pili, haikai mahali pamoja: panda juu ya godoro uone sikio na macho yanavyobebeshwa mzigo. Na hapo ndipo inaponikera, maana wapinzani husema basi, mwili hujifidia. Hujifidia kwa kitu gani, kwa mzee mwenye kisukari na mtoto wa jicho, usiku, umeme umekatika, akielekea choo cha uani?

Wengine husingizia sugu za kutembea pekupeku. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na Boston, ukachapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba sugu nene haipunguzi hisia ya unyayo. Tatizo liko kwenye neva, na kulipima kunahitaji uzi wa nailoni wa kugusisha unyayoni, unaopinda kwa uzito wa gramu 10, na mgonjwa aliyefumba macho. Ni dakika chache tu.

Majaribio ya Marekani ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba ncha ya kidole ikigusa kitu kilichotulia, kwa mguso hafifu usioweza kumshikilia mtu, kuyumba hupungua sana hata gizani. Kama yote yangekuwa nguvu ya misuli, kidole kisingesaidia kitu. Mama siku hizi anaosha uso kwa mkono mmoja. Wa pili umegusa ukuta.