Sabuni ya Kunyolea Ichague kwa Maji Yako

Kila Alhamisi baada ya Isha nanyoa mashavu na shingo kwa brashi na wembe wa makali mawili, ili Ijumaa iniamkie nikiwa safi. Kwa miaka mingi sabuni niliichagua kwa pua. Udi, sandali, limau: nanusa, nalipa, narudi nyumbani. Povu linakufa kabla sijamaliza shavu la kwanza, na kufikia Jumamosi shingo imejaa vipele. Nikabadilisha sabuni mara sita au saba, mambo yakawa yale yale, kwa sababu maji sikuyabadilisha hata mara moja.

Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, bomba likikauka twateka kisimani, na kisiwa chetu kimekalia mawe ya matumbawe. Maji yakipita humo hubeba chokaa, na visima vingine vina chumvi pia. Siku moja nilitenga mabakuli mawili, moja la maji ya kisima, jingine la maji ya mvua niliyoyakinga. Sabuni ile ile, brashi ile ile. Bakuli la mvua likatoa povu zito kama tui la kwanza, brashi ikiinuka nalo limeshikilia wala halidondoki. La kisima likafanya mapovu makubwa makubwa, yakapasuka, yakabaki maji ya kijivu na vijipande vyeupe vimeganda ukingoni. Hiyo ni sabuni iliyoshikwa na chokaa. Haiwezi tena kuulainishia wembe njia. Na ndiyo niliyokuwa nikijipaka miaka yote hiyo!

Basi nageuza pakiti nasoma ilivyopikwa. Sabuni ya kuogea hupikwa kwa sodiamu, ndiyo maana kipande chake ni kigumu na povu lake hukauka upesi usoni. Ya kunyolea inayostahili jina hilo huwa na potasiamu kwa wingi, ikanywa maji na kulainika, pamoja na asidi ya steariki inayolifanya povu lidumu. Mafuta ya nazi nayo yana sifa ambayo mtu wa pwani aijue: sabuni yake hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Lakini nazi peke yake hukausha ngozi, kwa hiyo nataka imechanganywa, na gliserini ikiwemo ni bora zaidi.

Nyingi za kale zimepikwa kwa shahamu, na povu lake ni zuri kweli. Wengi wetu hapa twauliza: shahamu ya mnyama gani? Ni swali la haki kabisa. Pakiti isiponijibu naiacha rafuni, maana za mafuta ya mimea zipo na zinafanya kazi vizuri. Povu la mkebe silitaki. Ni hewa tupu, na chini ya feni linakauka mkono ukiwa bado njiani. (Feni yenyewe izime unaponyoa.)

Vipele navyo tusiitupie sabuni lawama zote. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa chini sana hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Nyoa kufuata zinakoelekea, usirudie rudie, kisha pitisha shabu iliyoloweshwa, lile jiwe jeupe linalokaza ngozi. Shabu yapatikana Marikiti kwa bei ndogo, na wazee wetu walikuwa nayo kabla ya hizi chupa za spiriti.

Sasa kama una sabuni nyumbani inayokuudhi, usiitupe kwanza. Povu la kunyoa mara moja halitaki hata kikombe kimoja cha maji. Tumia ya mvua au ya kunywa kulowesha ndevu dakika mbili tatu na kupigia povu, ya kisima yabaki ya kusuuzia wembe. Ikishindwa hapo ndipo uende dukani.